Mchango wa Wodi ya Watoto Huanzia Mezani Kwenu



Misa inakaribia kwisha. Kabla ya baraka ya mwisho, katibu wa parokia anasimama kusoma matangazo: ndoa zitakazofungwa, jumuiya yenye zamu ya kusafisha kanisa, na mwishowe harambee. Jumapili ijayo waumini wataombwa kuwachangia watoto wanaotibiwa saratani huko Eldoret, kwa kuwa baadhi yao ni watoto wa parokia hii hii. Jumapili hiyo inafika. Mume mmoja anasimama mbele ya watu na kuahidi shilingi elfu kumi. Makofi yanapigwa. Mkewe naye anapiga makofi, lakini moyoni anahesabu: karo ya muhula haijalipwa, mbolea haijanunuliwa, na hizo elfu kumi hazijatajwa nyumbani hata mara moja. Yeye mwenyewe juzi alitoa elfu mbili za chama chake kwa ajili ya watoto hao hao, na mumewe hajui. Jioni chakula kinaliwa kimya.

Yeyote anayekaa Kitale, Kiminini, Kimilili au Chwele anaijua jioni ya namna hii. Watu wawili wametenda jambo jema, na jema lenyewe limewagombanisha. Ndiyo maana katika toleo hili hatutawauliza mmetoa kiasi gani. Tutawauliza jambo jingine: kabla mchango wenu haujafika wodini, je, ulipita kwanza mezani kwenu?

WATOTO TUNAOOMBWA KUWASAIDIA

Tuanze kwa kuwafahamu watoto wenyewe, maana huwezi kumhurumia vizuri mtu usiyemjua. Wengi wetu tulilelewa tukidhani kwamba saratani ni ugonjwa wa wazee. Sivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 ulimwenguni hupata saratani. Katika nchi tajiri, zaidi ya 80 kati ya kila 100 hupona. Katika nchi nyingi maskini wanaopona hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilizindua mpango wa kuziwezesha nchi zote kuponya angalau watoto 60 kati ya 100 ifikapo mwaka 2030.

Huku kwetu magharibi mwa Kenya kuna saratani moja ya watoto inayojulikana tangu zamani. Inaitwa limfoma ya Burkitt, kwa jina la daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona watoto waliovimba taya, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya ugonjwa huo. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari maelfu ya maili katika Afrika ya Mashariki na Kusini, wakiuliza katika kila hospitali kama ugonjwa huo upo. Waligundua kwamba ulionekana zaidi katika sehemu zenye joto na mvua nyingi, ambako malaria ni nyingi. Uvimbe huu hukua upesi mno, kwa siku chache tu mzazi huona tofauti. Lakini ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa vizuri, mtoto akiwahi kutibiwa na kuimaliza dawa.

Kila mzazi azijue dalili zifuatazo. Uvimbe wa taya, shingo au tumbo usiopungua. Weupe ndani ya mboni ya jicho, unaong'aa hasa mtoto anapopigwa picha au kumulikwa usiku. Homa isiyoisha hata baada ya kutibiwa malaria. Mtoto kupauka, kuchoka, kutokwa damu ovyo au kupata alama za damu chini ya ngozi. Maumivu ya mifupa yanayomfanya achechemee. Maumivu ya kichwa pamoja na kutapika asubuhi. Dalili hizi si lazima ziwe saratani, lakini zote zinahitaji daktari, tena mapema. Msianze kwa mganga na kuishia hospitalini.

Kwa familia za Trans Nzoia na Bungoma, mtoto akishukiwa kuwa na ugonjwa huu mara nyingi hutumwa Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Katika viwanja vyake kuna hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa mwaka 2015. Hospitali hiyo yenyewe ni tunda la michango: mkimbiaji wa mbio ndefu, Toby Tanser, alizunguka kwa miaka kuomba watu wengi, wenye nacho na wenye kidogo, mpaka jengo likasimama. Kwa hiyo mtoto wa Saboti akilazwa pale, amelazwa juu ya ukarimu wa watu ambao hatawajua kamwe.

MTOTO ANAPORUDISHWA NYUMBANI KABLA YA WAKATI

Sasa sikilizeni jambo la kusikitisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, kuhusu watoto waliogunduliwa na saratani katika hospitali hiyo ya rufaa kati ya mwaka 2007 na 2009, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliacha matibabu kabla hayajaisha. Wazazi walipoulizwa sababu, walitaja kwanza ukosefu wa fedha, kisha kukosa bima, kisha nauli.

Nauli! Tulifikiri adui ni ugonjwa peke yake. Kumbe dawa ipo, daktari yupo, kitanda kipo, lakini mtoto hakurudi kwa sababu mama hakuwa na nauli ya kumfikisha Eldoret siku aliyoandikiwa.

Mengi yamebadilika tangu wakati ule. Hospitali ya watoto imejengwa, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF imepisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Lakini familia ambayo haijajiandikisha au haijalipa mchango wake wa mwaka bado hujikuta imesimama mlangoni, na hata iliyolipa hukuta kwamba malipo ya matibabu ya saratani yana kikomo chake. Tena hakuna bima inayolipa matatu, sabuni ya mama anayelala na mtoto wodini, au unga wa watoto waliobaki nyumbani.

Tuione nyumba moja ya mfano, huko Endebess. Mtoto wa tatu ana saratani ya damu. Matibabu ya namna ya saratani hiyo inayowapata watoto zaidi huchukua miaka miwili au mitatu. Mama yuko Eldoret wodini. Baba yuko nyumbani na watoto wanne, ng'ombe wawili na shamba la mahindi linalopaswa kupandwa mwezi wa tatu mvua ikianza. Miezi inapita. Ng'ombe mmoja anauzwa, kisha wa pili. Jamaa wa mume wanaanza kunong'ona kwamba ugonjwa huu umetoka upande wa mama. Jamaa wa mke nao wana maneno yao. Baba anachoka, anapiga simu mara chache zaidi, mwishowe anasema, "Mlete tu huyo mtoto nyumbani, tumwachie Mungu."

Ndugu msomaji, hapo mtoto hajashindwa na saratani. Ameshindwa na upweke wa wazazi wake. Mchango unaofika kwa wakati huokoa maisha ya mtoto, na mara nyingi huokoa ndoa pia. Baba huyo akipata nauli ya kwenda wodini mara moja kwa mwezi, akamwona mwanawe akicheka na mkewe akiwa hai, hatasema tena mletwe nyumbani.

NDOA MBILI, MAKOSA MAWILI

Maandiko Matakatifu yanatupa ndoa moja iliyohusika na mchango wa Kanisa, nayo ni onyo. Someni pamoja Matendo ya Mitume 5:1-11. Anania na mkewe Safira waliuza kiwanja, wakaficha sehemu ya fedha, wakaleta iliyobaki miguuni pa mitume kana kwamba ndiyo yote. Petro hakuwalaumu kwa kubakiza. Alimkumbusha Anania kwamba mali ilikuwa yake na hakulazimishwa na mtu. Dhambi yao ilikuwa uongo: walitaka sifa ya kutoa vyote bila kutoa vyote. Angalieni pia kwamba wawili hao walipatana vizuri sana. Hakukuwa na ugomvi nyumbani kwao. Walipatana, lakini walipatana katika uongo.

Ndoa ya mfano wetu wa kwanza ina kosa lililo kinyume chake. Mume na mke wote wana nia ya kweli, lakini hawakupatana. Mmoja alitoa kwa makofi, mwingine alitoa kwa siri. Bwana Yesu alitufundisha kutopiga tarumbeta tunapotoa sadaka (Mt 6:2-4), na wengine huyatumia maneno hayo kujitetea kwamba ndiyo maana hawamwambii mwenzi wao. Hapana. Siri ile ni ya kuwaficha watazamaji, siyo ya kumficha mtu mliyekuwa naye mwili mmoja siku ya Sakramenti yenu. Mke si mtazamaji wa sadaka ya mumewe. Ni mtoaji pamoja naye, maana hizo elfu kumi zimetoka katika kibaba chake pia.

Basi utoaji wa wanandoa Wakristo unahitaji mambo mawili kwa pamoja: mapatano na ukweli. Likikosekana moja, lile jingine haliwezi kuibeba sadaka.

KIKAO CHA WATU WAWILI

Tufanyeje? Tangazo likisomwa Jumapili, msisubiri harambee ifike. Jioni hiyo hiyo, watoto wakishalala, ketini wawili. Mmoja aanze kwa upole: "Mama watoto, nimesikia lile tangazo la leo. Wewe umeonaje?" Au mke aseme, "Baba watoto, lile jambo la watoto wa Eldoret limenigusa. Ningependa tuliangalie pamoja." Yeyote akianza, asianze kwa kutaja kiasi. Aanze kwa kumsikiliza mwenzake.

Kisha wekeni mezani vyote, bila kuficha. Mshahara, fedha za maziwa, fedha za chama, magunia yaliyobaki ghalani, na madeni pia. Kikao hiki huwa kigumu kwa wengine kwa sababu hapo ndipo mke anapojua kwa mara ya kwanza mumewe anapata nini, au mume anapojua mkewe ameweka akiba gani. Msiogope. Mtoto mgonjwa asiye wenu anaweza kuwa sababu ya nyinyi kuambiana ukweli ambao hamjaambiana kwa miaka kumi.

Tengeni kwanza yaliyo wajibu wenu: chakula, karo, dawa za mzee mnayemtunza, na mchango wenu wenyewe wa SHA. Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wakorintho kuhusu mchango wa Yerusalemu, alieleza wazi kwamba hakutaka wengine wapate nafuu huku wao wakilemewa (2 Kor 8:13). Sadaka inayowafukuzisha watoto wako shule si ukarimu. Lakini tuwe wakweli hapo pia. Kuna matumizi tunayoyaita ya lazima ambayo si ya lazima. Mume atazame fedha za vinywaji na nyama choma za Jumamosi. Mke atazame vitambaa na vyombo visivyotumika. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mkishaona kinachobaki, amueni kiasi kimoja, kwa jina la nyumba yenu. Na amueni pia namna ya kutoa. Mara nyingi shilingi mia tatu kila mwezi kwa mwaka mzima humfaa mtoto wa saratani kuliko elfu tatu za siku moja zinazoishia kwenye makofi, kwa kuwa safari zake za Eldoret ni za mwaka mzima. Mkulima wa Trans Nzoia anaweza kuahidi gunia moja la mahindi wakati wa mavuno, na kulileta. Mkishaahidi, timizeni. Paulo aliwaambia Wakorintho hao hao wamalize walichokianza (2 Kor 8:11). Ahadi ya harambee isiyolipwa ni kitanda cha hewa: hakuna mtoto awezaye kukilalia.

Na mkikosa kukubaliana? Mmoja akitaka elfu tano, mwingine mia tano? Chukueni kile ambacho wote wawili mnaweza kukitoa kwa furaha, hata kikiwa kidogo. Mungu aliiona sarafu ya mjane hekaluni, hatashindwa kuiona mia tano yenu. Mwenye moyo mkubwa zaidi asimdharau mwenzake. Ampeleke siku moja akawaone watoto wenyewe, kisha warudi mezani.

WATOTO WENU NAO WAWEMO

Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Ufaransa, lilisimama juu ya wazo moja: watoto wawasaidie watoto. Basi waambieni watoto wenu kuna nini Eldoret, kwa maneno ya kadiri yao. Waambieni kwamba saratani haiambukizi, wasije wakamkimbia mwenzao anayerudi shuleni hana nywele. Mmoja anaweza kutoa yai la kuku wake kila wiki likauzwe. Mwingine anaweza kuchora picha ya kupelekwa wodini. Mtoto aliyelala kitandani wiki sita hufurahia picha na mpira wa karatasi kuliko hotuba.

KUTOKA NYUMBANI HADI JUMUIYA

Wanandoa wengine watasukumwa na Roho kufanya zaidi ya kutoa: watataka kuchangisha. Hilo ni jema, na Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya familia wa mwaka 1981, alizihimiza familia zisijifungie ndani bali zitoke kuwahudumia maskini. Lakini fedha za wagonjwa ni moto. Zibebeni kwa uangalifu.

Kwanza, ulizeni wodi inahitaji nini kabla ya kukusanya chochote. Ongeeni na muuguzi msimamizi au afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Huenda nyinyi mnakusanya nguo, kumbe kinachohitajika ni nauli, sabuni, maziwa, au watu wa kuchangia damu. Watoto wengi wa saratani huhitaji kuongezwa damu mara kwa mara, na damu hainunuliwi sokoni. Vijana na akina baba wa jumuiya wenye afya wanaweza kutoa mchango huo wakiwa hawana hata shilingi.

Pili, fuateni utaratibu. Mwoneni paroko na baraza la parokia. Kuchangisha hadharani nje ya kanisa kunahitaji kibali cha serikali, basi mwulizeni chifu mahali pa kuanzia. Msipitishe fedha za watu katika simu ya mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni wewe mwenyewe na moyo wako ni safi.

Tatu, hesabu iwe wazi. Wawepo watu watatu: mweka hazina, katibu, na mmoja wa kukagua. Mume na mke wasiwe wote wawili miongoni mwa hao watatu, ili kuepusha maneno. Kila shilingi iandikwe daftarini, kila matumizi yawe na risiti, na hesabu isomwe kanisani. Paulo mwenyewe, pamoja na utume wake, hakubeba mchango peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine walioaminika, ili pasiwe na mtu wa kumlaumu (2 Kor 8:16-21).

Nne, lindeni heshima ya mtoto. Msibandike picha yake akiwa uchi au amevimba uso ili watu watoe machozi na fedha. Huyo atapona, atakua, ataoa au kuolewa, na picha ile itakuwa bado inazunguka. Wazazi wake waulizwe kwanza, na wakikataa, wasilazimishwe.

Tano, kubalianeni mapema fedha zitakwenda wapi iwapo mtoto mmoja aliyechangiwa atafariki. Ni jambo gumu kulitaja, lakini lisipotajwa huzaa ugomvi kaburini. Andikeni tangu mwanzo kwamba kitakachobaki kitawasaidia wazazi kwa mazishi, kisha kiende kwa mtoto mwingine wa wodi ile ile.

MUME NA MKE WALIOZUNGUKA NCHI

Tunao mfano wa mbali unaofaa kutajwa. Danny Thomas alikuwa mchekeshaji wa Marekani, Mkatoliki, mtoto wa wahamiaji kutoka Lebanon. Katika ujana wake, akiwa hana kazi ya kutegemewa na mkewe Rose Marie akiwa mjamzito, alisali kwa Mtakatifu Yuda Tadei, msaidizi wa waliokata tamaa, akaahidi kwamba akionyeshwa njia ya maisha atamjengea mtakatifu huyo mahali pa heshima. Alipofanikiwa hakuisahau ahadi. Katika miaka ya 1950 yeye na Rose Marie walizunguka Marekani kwa gari, mji kwa mji, wakiomba fedha. Mwaka 1962 hospitali ya watoto ya Mtakatifu Yuda ilifunguliwa Memphis, na mpaka leo familia ya mtoto anayetibiwa pale haipewi bili. Wakati ilipofunguliwa, saratani ya damu iliyo ya kawaida kwa watoto iliwaua karibu wote walioipata. Leo, kwa elimu iliyopatikana huko na kwingineko, walio wengi sana hupona wakitibiwa vizuri. Danny alifariki mwaka 1991, na watoto wake watatu wakaendeleza kazi.

Sisi hatutajenga hospitali Memphis. Lakini angalieni mwanzo wake: mwanamume aliyemwahidi Mungu, na mke aliyekubali kukaa naye garini katika safari zile. Bila kukubaliana kwao, ahadi ingebaki maneno.

KWENU MNAOLALA WODINI

Huenda wewe unayesoma ukurasa huu ni mzazi wa mtoto mgonjwa. Tungependa kukuambia machache. Ugonjwa wa mwanao si adhabu ya dhambi yako wala ya mwenzi wako. Bwana Yesu aliulizwa swali hilo kuhusu yule aliyezaliwa kipofu, na alilikataa (Yn 9:1-3). Baba, usimwachie mama wodi peke yake. Hata kama huna cha kuleta, njoo ulale kwenye benchi usiku mmoja ili yeye aoge na kulala. Mama, mpigie baba simu pia siku mtoto anapocheka, siyo siku za bili tu. Msione haya kupokea. Mombeni padre Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa kwa mtoto aliyefikia umri wa kutambua, na msiiogope kana kwamba ni ya kifo. Na tarehe ya kurudi Eldoret ikifika huku mtoto akionekana mzima, rudini. Wengi huacha dawa kwa sababu uvimbe umepotea machoni, kumbe mizizi yake bado imo mwilini.

Nasi tulio nje ya wodi tusiseme upesi kwamba tunawaombea, tukaishia hapo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, maana machoni pa asiyeubeba huonekana mwepesi. Injili ya Marko (2:1-12) inatusimulia juu ya watu wanne waliombeba mgonjwa wa kupooza, na walipozuiwa na umati wakapanda juu wakaitoboa paa. Mgonjwa yule asingefika kwa Yesu kwa mtu mmoja. Kila mmoja alishika pembe yake ya machela. Katika nyumba yenu, mume ana pembe moja na mke ana nyingine, na machela hainuki sawasawa mmoja asipojua kwamba mwenzake ameinua.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA WAWILI

1. Mara ya mwisho tulipotoa mchango, je, wote wawili tulijua kiasi na sababu?

2. Kuna mapato au deni ambalo bado sijamwambia mwenzangu? Nini kinanizuia?

3. Je, familia yetu imejiandikisha SHA na kulipa? Kama bado, nani atafuatilia, na lini?

4. Katika jumuiya yetu kuna nyumba yenye mtoto mgonjwa? Baba wa nyumba hiyo anapata nauli ya kumwona mwanawe?

5. Tunaweza kutoa nini kila mwezi kwa mwaka mmoja, kwa furaha, bila kuwanyima watoto wetu haki yao?

JAMBO LA KUFANYA

Kila mwaka tarehe 11 Februari Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, na siku nne baadaye, tarehe 15, ulimwengu huwakumbuka watoto wenye saratani. Chagueni wiki hiyo iwe ya nyumba yenu. Salini rozari pamoja kwa ajili ya watoto wa wodi, wekeni juu ya meza kile mlichokubaliana, na mkipeleke wawili. Mkiweza, fikeni wodini wenyewe, mkaulize jina la mtoto mmoja, ili tangu siku hiyo mnaposali mseme jina lake.

Mama Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee watoto wetu. Mungu azibariki nyumba zenu.